Siri Ibaki kwa Mwenyewe: Mwongozo wa Kuwafundisha Simu Kina Mama Wahamiaji, Kusini mwa Pwani

Mwongozo huu ni wa walimu wa ngumbaru, wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa vyama vya kina mama, na vijana wanaojitolea kufundisha matumizi ya simu na intaneti kuanzia Ukunda na Diani, kupitia Gazi na Msambweni, hadi Shimoni, Vanga na Lunga Lunga. Unahusu wanawake watu wazima ambao wao wenyewe au wazee wao walihama, pamoja na wale wanaojiandaa kuhama.

Kina mama hawa si wa namna moja. Kuna Wapemba, ambao wazee wao walivuka bahari, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, wakakaa katika vijiji vya wavuvi. Kuna Wamakonde, ambao babu zao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kuna waliotoka bara, Ukambani, Nyanza, Kisii, wakafuata kazi za hoteli na za nyumbani Diani. Kuna waliotoka Tanga kupitia mpaka wa Horohoro, wakaolewa au wakafungua biashara ndogo upande wa Kenya. Na kuna mabinti na kina mama wa Kwale wanaokwenda Saudia, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, pamoja na waliorudi kutoka huko.

Wanachofanana wote ni kwamba simu zao hushikwa na watu wengine. Mtoto ndiye anayejua nambari ya siri ya M-Pesa. Kijana wa saiba, duka la intaneti, ndiye mwenye barua pepe iliyofungulia akaunti ya serikali. Mume, jirani au mwajiri ndiye ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Wakala wa ajira ndiye aliyebaki na picha ya mkataba. Mama akiondokewa na mmoja wa hao, au akikosana naye, hupoteza pesa, karatasi na mawasiliano kwa siku moja.

Kwa hiyo kipimo cha mafunzo haya ni kimoja: baada ya somo, kuna jambo gani ambalo mama alikuwa akifanyiwa na mtu mwingine ambalo sasa analifanya mwenyewe, bila kumpa mtu siri yake? Mafunzo mengi huanza na kompyuta ya mezani, kipanya na kibodi, yakamalizika kwa cheti na picha ya pamoja. Mama akirudi nyumbani bado anamkabidhi kijana wa duka simu yake na nambari ya siri ili amtolee shilingi 500. Cheti hicho hakijambadilishia kitu. Tuanze na simu iliyo mkononi mwake, hata ikiwa ni kabambe ya kubonyeza yenye kioo kilichopasuka.

Kwanza, laini ni ya nani?

Usifundishe lolote kabla ya kujua jambo hili. Nchini Kenya laini husajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti, na asiye na hati hizo hapati laini wala M-Pesa. Kwa miaka mingi Wapemba na Wamakonde waliozaliwa hapa hawakuwa nacho. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia wao, wakatambuliwa. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023, na mwaka huo huo wakaanza kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo mama alitumia laini ya jirani Mdigo, ya shemeji, au ya tajiri wa samaki. Wengi wamepata kitambulisho lakini bado wanatumia laini ile ile ya zamani, kwa sababu ndiyo wateja wanayoijua.

Hatari yake ni kwamba mwenye jina ndiye mwenye laini. Anaweza kwenda dukani na kitambulisho chake akatengenezewa kadi mpya, na pesa zilizomo zikamfuata. Akifariki, mama hana la kudai. Mama mwenye kitambulisho asaidiwe kusajili laini mpya kwa jina lake, ahamishe pesa kidogo kidogo, na awaarifu wateja na jamaa nambari mpya kabla ya kuiacha ya zamani. Jambo hili lifanywe kwa heshima. Aliyempa laini alimsaidia wakati wa shida, na haifai kumtia katika hesabu ya wezi. Mwalimu amshauri mama amweleze mwenye laini, amshukuru, kisha laini irudi kwake.

Kwa laini za Safaricom, mama mwenye kitambulisho apige *106# aone ni nambari ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengine hukuta laini wasizozijua. Huenda kuna mtu aliyetumia nakala ya kitambulisho chake kuzisajili, na laini kama hizo ndizo hutumiwa na matapeli. Akiona nambari ngeni, airipoti kwa kampuni siku hiyo hiyo.

Mama asiye na kitambulisho asiaibishwe mbele ya wenzake. Usiulize darasani nani anacho na nani hana, wala nani ni raia na nani si raia. Ongea naye pembeni, umwelekeze kwa chifu, kwa afisi ya usajili wa watu au kwa shirika la msaada wa kisheria. Somo lisimsubiri. Kupiga simu, kutuma ujumbe wa sauti, kusoma tarakimu na kutambua utapeli havihitaji kitambulisho.

Saa za bahari na saa za kazi

Darasa lisilofuata saa za kina mama hufa wiki ya pili, kisha walimu wakalalamika kwamba wanawake hawana nia. Kina mama wa mwani wa Kibuyuni huwa shambani mwao baharini wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Wapangie darasa wakati wa maji mafu. Mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga, yuko ufuoni asubuhi akingoja vyombo virudi anunue samaki, na jioni yuko kwenye karai lake. Nafasi yake ni baina ya adhuhuri na alasiri. Wafanyakazi wa hoteli huenda kwa zamu, na siku yao ya mapumziko hubadilika, kwa hiyo kundi lao linahitaji siku mbili kwa wiki ili anayekosa moja apate nyingine. Kuanzia Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za Diani zinapopunguza wageni, wengi hurudishwa nyumbani. Muda wanao, lakini hawana pesa za bando. Msimu huo fundisha mambo ambayo hayali bando. Mwezi wa Ramadhani punguza saa, na usipange kitu Ijumaa adhuhuri.

Mahali pa kufundishia ni pale wanapokutana tayari: siku ya chama, baraza ya mmoja wao, chumba cha madrasa watoto wakishaondoka, banda la wavuvi. Watoto wachanga waruhusiwe. Mwalimu mwanamume anaweza kufundisha vizuri, lakini pale ambapo kina mama wanapendelea mwanamke, watafutiwe mwanamke. Binti wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne, akipewa maandalizi ya wiki moja, hufaa kuliko mtaalamu anayekuja kwa gari na kuondoka jioni. Yeye atakuwepo Jumanne ijayo, mama atakapokwama.

Adabu ni sehemu ya mbinu. Mwalimu mdogo kwa umri amwamkie shikamoo anayestahili, na amwite mtu Bi Fulani au Mama Fulani kama anavyoitwa mtaani. Mama akiamriwa kama mtoto wa shule ataitikia tu, lakini hatauliza swali, na bila swali hutajua alipokwama.

Mikono ya mwalimu

Kanuni hii naishikilia kwa uzito kuliko zote: mwalimu asiiguse simu ya mwanafunzi. Vidole vya kijana vina haraka. Vinabonyeza mara tatu, kazi imekwisha, na mama ameshuhudia tu. Kesho ataleta simu tena. Weka mikono mgongoni, eleza kwa maneno, ngoja. Akikosea, muulize anaona nini kwenye kioo, mrudi nyuma pamoja. Mama anayefika mwenyewe kwa dakika kumi amejifunza zaidi ya aliyefikishwa kwa sekunde kumi. Kundi lisizidi watu ambao mwalimu mmoja anaweza kuwazungukia na kuwatazama wakijaribu. Wakiwa wengi, waliofahamu wakae karibu na wasiofahamu, nao pia wakatazwe kugusa.

Kanuni hii ina sababu ya pili. Mwalimu anayezoea kushika simu za wanafunzi anawazoesha kumpa simu mtu yeyote anayeonekana kujua. Tapeli naye huonekana kujua.

Usimwambie mtu hajui kusoma kabla ya kuchunguza. Wazee wengi wa pwani walikwenda chuoni, wanasoma herufi za Kiarabu bila taabu, ingawa herufi za Kizungu zinawashinda. Simu janja ina kibodi ya Kiarabu, na mama anaweza kuitumia kuandika majina ya watu wake. Wengine hawasomi hati yoyote, lakini wanajua tarakimu na hawakosei chenji. Anayepiga hesabu ya kilo za changu na tasi kichwani ana msingi wa kutosha wa kuanzia.

Kwa hiyo tuanze na tarakimu, halafu alama, halafu sauti. Herufi zije baadaye, kwa atakayezitaka. Katika orodha ya majina, mama aweke alama badala ya maandishi: samaki kwa tajiri wa samaki, msikiti kwa ustadhi, picha ya uso wa binti yake kwa binti yake. Katika WhatsApp, ujumbe wa sauti humtosha kwa mambo mengi, na wengi wameshaujua. Kuandika kwa kusema kwa Kiswahili pia kumekuwepo katika kibodi ya Google tangu 2017. Mama anazungumza, maneno yanaandikwa. Hukosea lafudhi za Kipemba na Kidigo mara kwa mara, basi azoee kusoma au kusomewa kilichoandikwa kabla ya kukituma.

Masomo ya pesa

Pesa ndizo humleta mama darasani, na hapa ndipo muda mwingi utumike. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo hata anayeuza maandazi Mwabungu hulipwa kwayo. Mama anajua kuwa pesa zimeingia kwa sababu ameambiwa. Tunataka ajue kwa macho yake.

Somo la kwanza ni kuangalia salio mwenyewe, kwa menyu ya laini au kwa kupiga *334#. Menyu ya M-Pesa inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Muulize kila mmoja anataka lugha gani, kwani wengine wameshakariri nafasi za maneno ya Kiingereza na ukizibadilisha utawapoteza. Somo la pili ni nambari ya siri. Asichague mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu umeandikwa kwenye kitambulisho anachokionyesha kila mahali. Asichague 1234 wala tarakimu nne zinazofanana. Akae nayo kichwani, aibadilishe siku hiyo darasani, na asimwambie mtu, hata mwalimu. Mwalimu ageuze uso kabisa wakati huo, na wanafunzi wenzake pia. Kitendo hicho cha kugeuza uso kinafundisha kuliko maelezo.

Kuhusu mtoto anayejua siri ya mama, usigeuze darasa kuwa mahali pa kushtaki watoto. Sema tu kwamba mtoto anaweza kumsomea mama ujumbe, anaweza kumwelekeza, lakini tarakimu nne huingizwa na kidole cha mama. Vivyo hivyo kwa mume. Katika nyumba nyingine simu ni chanzo cha ugomvi, na mwanamke anayeanza kuficha siri ghafla anaweza kupigwa. Mwalimu asimsukume. Zungumza na mama peke yake, ajue kwamba nambari 1195 hupokea simu za wanaodhulumiwa kwa sababu ya jinsia, bila malipo, na aamue mwenyewe hatua na wakati.

Somo la tatu ni kutuma na kuhakikisha jina. Jina la anayetumiwa huonekana kabla pesa hazijaondoka. Mfundishe mama kusimama hapo, asome au asomewe jina, ndipo aendelee. Akiwa hasomi, afananishe umbo la herufi ya kwanza na ile aliyozoea. Zikishakwenda pabaya, autume ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, maana kuchelewa kunampa mpokeaji nafasi ya kuzitoa. Mazoezi haya yafanywe kwa pesa za kweli, shilingi 10 au 20 baina ya wanafunzi wenyewe. Pesa za mchezo hazimfanyi mtu awe makini.

Baada ya hapo ndipo utapeli, nao uchukue angalau mikutano miwili. Sura zake zinajulikana. Ujumbe unasema umepokea shilingi 3,000, halafu simu inapigwa na mtu anayelia: nimekosea, nirudishie. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwa nambari ya mtu, na salio hubadilika. Mama aangalie salio kabla ya kujibu lolote. Hata zikiwa zimeingia kweli, asizirudishe mwenyewe. Aliyekosea afuate njia ya 456. Sura ya pili ni mtu anayejiita mfanyakazi wa Safaricom. Kampuni hiyo imetangaza kwamba huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Sura ya tatu ni kisanduku kinachojitokeza kwenye kioo na kuomba nambari ya siri, huku mtu akisema kwenye simu kwamba ni ya kupokea msaada wa serikali au zawadi. Wakaririshe wote kwa sauti: kupokea pesa hakuhitaji nambari ya siri. Kisanduku kinachojitokeza chenyewe kikiomba nambari ya siri kinataka kutoa pesa. Ujumbe wa utapeli upelekwe kwa 333.

Kuna utapeli wa WhatsApp unaovunja vyama. Mama anaombwa na rafiki amtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake kwa makosa. Akizituma, akaunti yake imechukuliwa, na baada ya dakika chache wanachama wote wanaombwa mkopo kwa jina lake. Tarakimu sita hazitumwi kwa mtu yeyote. Darasani kila mmoja awashe ulinzi wa hatua mbili wa WhatsApp, na chama kikubaliane kwamba ombi lolote la pesa lililokuja kwa maandishi litathibitishwa kwa kupigiana simu na kusikia sauti.

Kuhusu mikopo ya simu, eleza kwa upole, kwa maana wengi wamo ndani tayari. Fuliza, mkopo wa ndani ya M-Pesa, ikimlipia upungufu leo, itakata kwanza pesa zitakazoingia kesho, hata zikiwa mtaji wa samaki. Kwa programu za mikopo, tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayotoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali na huchapisha orodha yao. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu ikataliwe. Mtu akichelewa kulipa, hayo majina ndiyo yatakayopigiwa na kuambiwa kwamba yeye ni mdaiwa. Simu janja za kulipa mdogo mdogo nazo hujifunga malipo yakikatika. Mama ajue jambo hilo kabla ya kuichukua, na ajue jumla atakayokuwa amelipa mpaka mwisho.

Wanaoishi karibu na mpaka

Vanga, Jimbo na Lunga Lunga zina jambo lao. Simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania mtu akiwa yuko Kenya, na salio likaliwa bila yeye kujua. Mfundishe kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono. Anayetuma pesa Tanga au Pemba atumie njia ya kutuma nje ya nchi iliyo ndani ya M-Pesa, na aandike nambari ikiwa na 255 mwanzoni. Nambari ya Tanzania ikiandikwa kwa 07 kama ya hapa, inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa ndani ya Kenya. Asichoke kulinganisha viwango, kwa kuwa shilingi mbili hizi hazina thamani moja, na mbadilishaji wa kando ya barabara hujua nani hajui.

Karatasi za serikali

Huduma nyingi sasa hupitia tovuti ya serikali ya eCitizen: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasipoti, cheti cha tabia njema. Mama huenda saiba Ukunda au Msambweni, na mhudumu humfungulia akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na neno la siri analolijua yeye. Miezi sita baadaye saiba imefungwa au kijana amehama, na mama hawezi kuingia. Darasa lenu liwafungulie kina mama barua pepe zao kwenye simu zao, kila mmoja na neno lake. Hapa natofautiana na wataalamu wanaokataza kabisa kuandika neno la siri. Neno la barua pepe liandikwe kwenye daftari, daftari likae sandukuni nyumbani. Ni salama kuliko kulitunza kichwani mwa mhudumu wa saiba. Nambari ya siri ya M-Pesa ndiyo isiyoandikwa popote.

Akienda saiba, kama lazima, aondoke akiwa ametoka kwenye akaunti yake na kuona kwa macho picha ya kitambulisho chake ikifutwa kwenye kompyuta. Ana haki ya kudai hivyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Msaada wa ana kwa ana unapatikana pia Huduma Centre mjini Kwale.

Bima ya afya ipewe kipindi kizima. Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na aliyekuwa NHIF alitakiwa kujisajili upya. Usajili unawezekana kwa *147# hata kwa kabambe. Kujisajili si kulipa. Mama anayedhani amemaliza kwa sababu ana ujumbe wa kukaribishwa anaweza kufika hospitali ya Msambweni na mtoto wa kulazwa akaambiwa hajalipia. Kwa wasio na mshahara mchango hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ayajibu maswali hayo mwenyewe, kwa utulivu, kwa sababu yatakayoandikwa ndiyo yatakayomtoza.

Anayekwenda Ghuba

Kwa hawa, somo la simu ni somo la usalama wa maisha. Tangazo la kazi alilotumiwa WhatsApp au aliloliona Facebook lichunguzwe kwanza: jina la wakala litafutwe kwenye orodha ya mawakala wenye leseni inayochapishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Asiyemo kwenye orodha asilipwe hata nauli. Anayekwenda Saudia ajue kwamba mikataba ya kazi za nyumbani huandikwa kwenye mfumo uitwao Musaned. Aulize mkataba wake, asomewe mshahara, saa za kazi na jina la mwajiri kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya safari apige picha pasipoti, viza, mkataba wote ukurasa kwa ukurasa, na kitambulisho cha wakala. Picha hizo ajitumie kwenye barua pepe yake na pia azitume kwa jamaa mmoja anayemwamini. Simu inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza. Barua pepe haichukuliki, ikiwa neno lake analijua. Sheria ya Saudia yenyewe inamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini hutokea, na aliye na picha ana pa kuanzia katika ubalozi. Akariri nambari mbili za simu kwa kichwa: ya jamaa, na ya ubalozi wa Kenya wa nchi anayokwenda. Jaribuni darasani bila kutazama simu, tena na tena.

Amwonyeshe jamaa namna ya kuwasiliana kabla hajaondoka. Falme za Kiarabu zimezuia kupiga simu kwa WhatsApp, ingawa ujumbe na sauti zilizorekodiwa hupita. Watu wa huko hutumia BOTIM, na jamaa aliyebaki Mwananyamala au Kinondo lazima naye awe nayo. Laini ya Kenya isitupwe. WhatsApp na M-Pesa zake zimefungwa kwenye nambari hiyo, na laini isiyotumiwa muda mrefu hufungwa na kupewa mtu mwingine. Wakubaliane pia neno moja la kawaida ambalo likitajwa kwenye mazungumzo nyumbani watajua kuna hatari, kwa sababu huenda mwajiri amesimama karibu.

La mwisho hapa ni zito. Nchi za Ghuba zina sheria kali juu ya kupiga picha watu na nyumba zao na juu ya kusambaza mambo mtandaoni. Mfanyakazi aliyedhulumiwa akirusha video hadharani anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Ushahidi autume kwa jamaa, kwa wakala na kwa ubalozi, kwa faragha, kisha aufute kwenye simu.

Rekodi za darasa

Mwalimu naye ana siri za kutunza. Katika orodha ya mahudhurio andika jina analoitwa mama na alama ya kuhudhuria. Usikusanye nakala za vitambulisho, usiandike kabila, uraia wala alikotoka. Mfadhili akidai nambari za vitambulisho, aulizwe kwa maandishi anazitakia nini na atazifuta lini, na kina mama waambiwe kabla ya kutoa. Picha za darasa zisipigwe bila idhini ya kila aliyemo, na idhini ya kupigwa picha haimaanishi idhini ya kuwekwa Facebook. Kuna mwanamke aliyekuja Ukunda kumkimbia mtu, na picha moja inatosha kumwonyesha alipo.

Maendeleo yapimwe kwa vitendo vinavyoonekana. Mama ameangalia salio mwenyewe. Amebadilisha nambari ya siri na hakuna mwingine anayeijua. Laini ina jina lake. Ameingia kwenye barua pepe yake kwa simu ya mtu mwingine, akatoka. Amepokea ujumbe wa uongo ambao mwalimu aliupanga bila kumwambia, akaukataa. Asiyefikia jambo fulani arudie mkutano ujao bila kutajwa. Na waliomaliza wasiachwe: simu hubadilika, menyu hubadilika, matapeli hubadilika haraka zaidi, kwa hiyo kila chama kiweke saa moja kwa mwezi ya kuulizana mapya.

Viongozi wa vyama kutoka Ukunda hadi Vanga, msingoje mradi. Mwiteni binti mmoja anayejua, mkae barazani siku ya chama ijayo, kila mwenye laini ya Safaricom na kitambulisho apige *106#, na kila mmoja abadilishe nambari yake ya siri kabla ya kwenda nyumbani.